Anakwenda Wapi Binti Yule?

 

Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari, mwalimu wetu mmoja aliingia darasani na picha kubwa aliyoikata katika jarida la zamani. Akaibandika ubaoni, akatuambia tuandike maelezo yake kwa mistari miwili, isizidi. Ilikuwa picha ya nyeusi na nyeupe. Mbele yumo binti mweusi, kavaa nguo safi iliyopigwa pasi na miwani ya jua, kakumbatia daftari lake. Nyuma yake umati wa Wazungu. Na katika umati ule yupo msichana wa rika lake, kinywa wazi, uso umekunjamana kwa hasira, anampigia kelele kisogoni.

Mimi niliandika kwamba msichana mweusi anazomewa na Wazungu huko Marekani, mwaka 1957. Karatasi yangu ilirudi na alama sita kwa kumi, na chini yake swali moja kwa wino mwekundu: "Anakwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na wenzangu nao hawakuwa nalo. Darasa zima tulikuwa tumekikodolea macho kinywa cha yule anayepiga kelele. Hakuna aliyeitazama miguu ya yule anayetembea.

Swali lile nimetembea nalo zaidi ya miaka ishirini ya kazi hii. Leo naomba tulijibu pamoja.

Binti yule anaitwa Elizabeth Eckford. Siku ya picha ilikuwa Jumatano, tarehe 4 Septemba 1957, naye alikuwa na umri wa miaka 15. Mji ni Little Rock, makao makuu ya jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Shule aliyokuwa akiiendea ni Central High School, sekondari kubwa iliyofunguliwa mwaka 1927, yenye wanafunzi wapatao 2,000, na wote ni Wazungu.

Kwa msikilizaji kijana, yafaa nieleze kidogo ilikuwaje. Mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu iliyoruhusu watu weusi watengwe na Wazungu, mradi huduma watakazopewa ziwe sawa. Usawa wenyewe ulibaki kwenye karatasi. Katika miji mingi ya kusini watoto weusi walisomea majengo duni na kurithi vitabu vilivyochakaa mikononi mwa watoto wa Kizungu. Hali hiyo iliendelea miaka 58. Ndipo tarehe 17 Mei 1954, majaji wote tisa wa mahakama ileile, wakiongozwa na Jaji Mkuu Earl Warren, wakaamua kwa kauli moja kwamba kuwatenganisha watoto shuleni kwa sababu ya rangi ni kinyume cha katiba. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Brown. Kiongozi wa mawakili wa watu weusi alikuwa Thurgood Marshall. Jina hilo tuliweke akiba, tutalirudia.

Hukumu ni kitu kimoja, mlango wa shule ni kitu kingine. Little Rock walijivuta miaka mitatu. Mwishowe bodi ya elimu ikakubali kuanza na wanafunzi wachache sana katika shule hiyo moja. Majina yalichujwa, wengine wakajitoa wenyewe kwa hofu, wakabaki tisa: wasichana sita na wavulana watatu. Mwalimu wao wa vita, kama naweza kusema hivyo, alikuwa mama mmoja aitwaye Daisy Bates, kiongozi wa chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, katika jimbo lile. Yeye na mumewe walikuwa na gazeti lao, Arkansas State Press, kwa hiyo ni wenzetu katika kazi hii.

Usiku wa Jumatatu, tarehe 2 Septemba, Gavana wa Arkansas, Orval Faubus, alitokea kwenye televisheni akatangaza kwamba amewaita askari wa ulinzi wa jimbo waizingire shule, ati kulinda amani. Kesho yake jaji wa shirikisho akasema mpango wa kuwapokea wale watoto uendelee. Basi Daisy Bates akapanga tisa wale wakutane mahali pamoja asubuhi, waende kwa kundi wakisindikizwa na wachungaji wa makanisa. Usiku ule alizipigia simu familia zao. Lakini nyumba ya akina Eckford haikuwa na simu. Mama yule alikusudia kuwapelekea ujumbe kwa njia nyingine, na katika pilikapilika za usiku ule akasahau.

Hivyo Elizabeth hakuwa na habari kabisa. Aliamka akijua kwamba anakwenda shule, kama mwanafunzi mwingine yeyote siku ya kwanza ya muhula.

Hebu tuingie nyumbani kwao asubuhi ile. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa usiku katika shirika la reli. Anazunguka chumba hiki na kile, kiko kinywani, sigara mkononi, na hakuna hata kimoja alichokiwasha. Televisheni inajadili iwapo wale watoto weusi watathubutu kufika. Mama anapaza sauti kutoka jikoni: izimeni! Elizabeth amevaa nguo mpya aliyoshonewa nyumbani kwa ajili ya siku hiyo, nyeupe, yenye pindo la miraba miraba. Kabla hajatoka, mama anawaita wote sebuleni wasali. Andiko lao asubuhi ile lilikuwa Zaburi ya 27.

Wakristo wanaonisikiliza wanaifahamu. Ni maneno ya mtu aliyezingirwa na jeshi la adui zake, naye anakataa kuogopa kwa sababu Mungu ndiye mwanga wake. Na ndugu zangu Waislamu hawatahitaji tafsiri, kwa kuwa wanajua maana ya mja kumtegemea Mola wake wakati adui yupo mlangoni. Wakasema amina. Binti akachukua daftari lake, akapanda basi.

Alishuka mtaa mmoja kabla ya shule. Akawaona askari, akapata faraja. Alidhani wamewekwa kwa ajili ya kumlinda. Akaona wanafunzi wa Kizungu wakipita katikati yao bila kizuizi, naye akafuata njia ileile. Askari wakasogeleana, wakaziba njia. Akadhani labda amekosea mlango, akatembea hadi sehemu nyingine. Pale askari wakainua bunduki zenye singe. Kumbe jeshi lile lilikuwa limewekwa kwa ajili yake, lakini kumzuia.

Akageuka. Na umati uliokuwa ng'ambo ya barabara ukamfuata. Wapo waliokuwa wakipiga kelele kwamba anyongwe mtini. Alieleza baadaye kwamba alitafuta katika nyuso zile uso mmoja wa huruma. Akamwona bibi mmoja mtu mzima, akamwona kama mwenye wema. Alipomtazama mara ya pili, bibi yule akamtemea mate.

Msikilizaji, simama hapa kidogo. Sala imesaliwa nyumbani asubuhi, na saa mbili haijapita sawasawa mtoto ametemewa mate na mtu wa umri wa nyanya yake. Wengi wetu hapa ndipo imani inapotuponyoka. Tunauliza, sala ilikwenda wapi? Nami nilipokuwa kijana niliuliza hivyohivyo. Nitakuambia ninavyofikiri sasa, ila kwanza tumfikishe binti wetu kwenye usalama.

Kilichompa nguvu ya kutembea kilikuwa benchi la kituo cha basi mwisho wa mtaa. Alijiambia kwamba akifika pale atakuwa salama. Ndipo mpiga picha wa gazeti la pale, Will Counts, alipopata picha ile aliyotubandikia mwalimu. Basi hilo ndilo jibu la kwanza la swali: anakwenda kwenye benchi.

Alipoketi, umati ulimzunguka. Mwandishi wa New York Times, Benjamin Fine, aliweka kalamu chini, akaketi kando yake, akamshika bega na kumnong'oneza asiwaonyeshe machozi. Wapo wenye taaluma yetu waliosema alivuka mpaka, kwamba kazi ya mwandishi ni kuandika tu. Mimi nimeshika kinasa sauti mbele ya watu waliokuwa wakilia, najua mpaka huo ulipo. Hata hivyo sijawahi kuona ubaya katika alichofanya mzee yule. Kisha akatokea mwanamke wa Kizungu, Grace Lorch, akaukemea umati, akamwambia Elizabeth wapande basi, akamsindikiza. Na baadaye mwaka uleule mama huyo aliitwa mbele ya kamati ya Seneti kuhojiwa kuhusu ukomunisti. Ndivyo wema ulivyolipwa.

Wakati huo Daisy Bates na mumewe walikuwa ndani ya gari, redio imewashwa. Mtangazaji akasema kuna msichana mweusi amezingirwa na watu karibu na shule. Palepale mama yule akakumbuka: Elizabeth! Sikuambia! Nimewahi kufikiri sana juu ya mtangazaji yule. Hakujua kwamba habari aliyokuwa akiisoma ilikuwa ikimfikia mtu mmoja kama kisu.

Elizabeth hakwenda nyumbani. Alikwenda shule ya wasioona ambako mama yake alifanya kazi sehemu ya ufuaji. Alimkuta amesimama dirishani, ameinamisha kichwa. Mama akageuka kabla hajaitwa. Macho yalionyesha kwamba alikuwa akilia. Mtoto alitaka kumwambia kwamba yu salama, sauti ikakataa. Mama akamkumbatia, na hapo ndipo binti alipolia. Hilo ni jibu la pili: alikuwa anakwenda kwa mama yake.

Lakini jibu la tatu ndilo lililonileta leo kwenye kipaza sauti.

Majuma yaliyofuata mambo yalikwenda mbio. Tarehe 20 Septemba jaji wa shirikisho, Ronald Davies, alimzuia Gavana kuwatumia askari dhidi ya watoto wale, naye Gavana akawaondoa. Jumatatu tarehe 23, tisa wale wakaingizwa shuleni kwa mlango wa pembeni, huku umati wa zaidi ya watu 1,000 ukiwa nje. Elizabeth alikuwamo. Siku 19 tu baada ya mate yale, alirudi.

Asubuhi hiyohiyo waandishi wanne weusi walivamiwa na umati. Mmoja wao aliitwa Alex Wilson, mhariri wa Tri-State Defender wa Memphis, bwana mrefu, nadhifu, kavaa suti na kofia. Alisukumwa, akapigwa mateke, kofia ikaanguka. Akaiokota, akaikunja vizuri mahali pake, akaendelea kutembea. Alipigwa tofali kichwani, bado hakukimbia. Alifariki mwaka 1960. Kila ninapoona waandishi vijana wakilalamika kwamba kazi yetu haina heshima, humkumbuka marehemu Wilson na kofia yake.

Siku ile tisa wale walitolewa shuleni adhuhuri kwa kuhofia umati ungevunja milango. Tarehe 24 Rais Dwight Eisenhower akachukua hatua. Aliwaweka askari wa jimbo chini ya amri yake, akapeleka zaidi ya askari 1,000 wa miavuli wa Divisheni ya 101. Tarehe 25 Septemba, watoto wakaingia kwa mlango wa mbele, wakipanda ngazi katikati ya askari. Picha zikasambaa dunia nzima. Magazeti yakaandika kwamba wameshinda. Wapiga picha wengi wakafunga mizigo yao.

Hapa, msikilizaji, ndipo sisi watu wa habari tunapokosea kila siku. Tunaondoka mapema. Tuliipiga picha siku moja ya Septemba, tukadhani hiyo ndiyo habari. Mwaka wa shule ulikuwa bado una miezi minane.

Askari wa miavuli waliondolewa kabla ya Novemba kwisha. Wakabaki askari wa jimbo, ambao wengi wao hawakuwa na haja ya kuona kitu. Ndani ya jengo lile, kwenye ngazi na korido na vyumba vya kubadilishia nguo, hapakuwa na kamera. Watoto wale walisukumwa ngazini, walipigwa mateke, walitemewa mate, walimwagiwa vitu. Melba Pattillo alirushiwa kemikali machoni, na askari aliyekuwa akimlinda ndiye aliyewahi kumwosha kwa maji. Na wote walikuwa wameagizwa jambo moja: usirudishe. Mtu akikupiga, nenda darasani.

Minnijean Brown alishindwa, na simlaumu. Mwezi Desemba, akiwa katika bwalo la chakula, wavulana walimzibia njia kwa viti, akawamwagia bakuli la mchuzi. Akasimamishwa masomo. Mwezi Februari 1958 akafukuzwa kabisa baada ya kurushiana maneno na waliokuwa wakimchokoza. Wanafunzi wabaguzi wakagawa vikadi vya kushangilia: mmoja ameondoka, wamebaki wanane.

Elizabeth alikuwa mmoja wa wanane wale. Binti mpole, mwenye haya, asiyependa kutazamwa. Kila asubuhi alivaa, akaenda. Hakuna aliyekuwa akimpiga picha. Hilo ndilo jibu la tatu, na ndilo mwalimu alilokuwa akilitafuta: alikuwa anakwenda shule. Alikwenda siku ya askari wenye singe, akaenda siku ya umati wa elfu, akaenda Jumanne za mvua za mwezi Februari ambazo historia haikuziandika.

Sasa nirudi kwenye lile swali la sala. Zamani nilidhani mtu husali ili umati utawanyike. Nikimtazama Elizabeth naona jambo jingine. Umati haukutawanyika. Lakini mtu aliyetoka sebuleni kwao na maneno yale moyoni alitembea mtaa mzima bila kukimbia, bila kutukana, na alipoulizwa na moyo wake kama atarudi, alirudi. Zaburi ile haimwahidi mtu kwamba maadui hawatakuja. Inaanza na maadui wakiwa tayari wamekuja. Kinachoombwa ndani yake ni moyo usiotetereka, na huo, kwa ushahidi wa mwaka mzima, binti alipewa.

Tusidanganyane hata hivyo. Dini ilikuwapo pande zote mbili za barabara. Kiongozi mmoja mkubwa wa baraza la wabaguzi wa mji ule, Wesley Pruden, alikuwa mchungaji. Katika umati ule walikuwamo watu walioimba tenzi Jumapili iliyotangulia. Wakati huohuo, mchungaji wa Kizungu wa kanisa la Presbiteri, Dunbar Ogden, alitembea pamoja na wanafunzi weusi asubuhi ya tarehe 4, akawakabili askari. Waumini wake walimwepuka, na mwisho ikamlazimu kuliacha kanisa lake na mji wenyewe. Wachungaji wawili, Biblia moja. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ana imani, nami nimejifunza kuuliza swali la mwalimu wangu: inakupeleka wapi? Ukisimama utoke kwenye sala, miguu inaelekea upande gani wa barabara?

Tarehe 27 Mei 1958, Ernest Green, mkubwa wao kimasomo, alihitimu pamoja na Wazungu wapatao 600. Jina lake lilipoitwa, makofi yaliyokuwa yakipigwa kwa kila mwanafunzi yalikatika, uwanja ukawa kimya. Akaenda, akapokea cheti chake, akarudi. Miongoni mwa wageni wa familia yake, bila mbwembwe, alikaa kijana mmoja mchungaji kutoka Alabama aitwaye Martin Luther King.

Gavana Faubus hakukubali kushindwa. Mwaka wa shule wa 1958 hadi 1959 alizifunga sekondari zote za serikali mjini Little Rock, za weupe na za weusi. Wanafunzi zaidi ya 3,600 wakakosa madarasa, wengi wao Wazungu. Waswahili tuna msemo, mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa sababu hiyo Elizabeth hakupata kuhitimu katika shule aliyoiteseka. Alimalizia masomo yake kwingine.

Nilisema tutamrudia wakili Thurgood Marshall. Ndiye aliyetetea upande wa watoto wa Little Rock katika Mahakama Kuu, na Septemba 1958 majaji wote wakaamua tena kwamba hakuna gavana aliye juu ya katiba. Miezi kumi na sita tu baadaye, mwanzoni mwa 1960, wakili huyohuyo alikuwa London, katika mkutano wa Lancaster House, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwa mwaliko wa akina Tom Mboya. Kazi yake ilikuwa kuandaa rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba ya Kenya. Na angalia alichoandika mtu huyu aliyeona watoto wa rangi yake wakitemewa mate: haki za kuwalinda watu wote, wakiwamo Wazungu na Wahindi waliokuwa wachache. Hakuja kulipiza kisasi. Mwaka 1967 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu.

Nasi hapa Afrika Mashariki tusiisikilize habari hii kama hadithi ya ng'ambo tu. Wazee wetu wa Tanganyika na Kenya walisoma katika mfumo wa mkoloni uliokuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, na mgawo wa fedha ukashuka kwa mpangilio huohuo. Milango ile ilikuja kufunguliwa Uhuru ulipofika. Wapo babu na nyanya wanaonisikiliza sasa ambao walikuwa Waafrika wa kwanza katika darasa fulani, na hakuna aliyewapiga picha. Mjukuu, kama unaye nyumbani mzee wa namna hiyo, zima redio baada ya kipindi hiki umwulize ilikuwaje.

Nimalizie na Elizabeth mwenyewe, kwa kuwa sipendi hadithi za mashujaa zinazoishia kwenye kigelegele. Alisoma chuo kikuu akapata shahada ya historia. Alitumikia jeshi la nchi yake miaka mitano, na huko aliandika katika magazeti ya kambi. Kisha akarudi kuishi Little Rock. Lakini mwaka ule haukumwachia bure. Kwa miaka mingi aliishi na majeraha ya moyo, hakupenda kabisa kuuzungumzia, na machozi yalimtoka kila alipojaribu. Imani haikumfanya chuma. Ilimfikisha, lakini alifika amechoka, na sisi tunaosimulia habari zake kwa ufasaha lazima tuseme hivyo pia.

Yule msichana wa Kizungu kwenye picha, Hazel Bryan, miaka michache baadaye alimtafuta kwa simu kumwomba radhi. Mwaka 1997, miaka arobaini ilipotimia, walipigwa picha mpya wakiwa pamoja mbele ya shule, wakatabasamu, na dunia ikapiga makofi. Urafiki wao haukudumu. Elizabeth aliona kwamba mapatano ya kweli yanataka watu waikubali kwanza historia yao chungu, yote, bila kuifupisha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1999, yeye na wenzake wanane walitunukiwa Nishani ya Dhahabu ya Bunge la Marekani. Na mwaka 2018, karibu na shule ile, liliwekwa benchi la kumbukumbu, mfano wa lile alilolikimbilia.

Central High School ingali inafundisha hadi leo, na watoto wa kila rangi wanapanda ngazi zilezile bila kuulizwa.

Mwalimu wangu wa picha ameshatangulia mbele ya haki. Lau ningepewa tena karatasi ile na mistari yangu miwili, ningeandika hivi: Elizabeth Eckford, miaka 15, anaelekea kituo cha basi baada ya askari kumzuia kuingia shuleni, Little Rock, 4 Septemba 1957. Atarudi.